Sakafu ya Motokaa na Adui Wake

Msomaji, ukipata kuingia katika motokaa ya kale, usikimbilie kutazama usukani wake wala kung'aa kwa rangi yake. Inama, ulinyanyue busati la mpira lililo chini ya miguu yako, ulitazame bati lililolala hapo. Rangi ya nje yaweza kupakwa kwa siku moja ikampumbaza mnunuzi. Sakafu haidanganyi kwa wepesi huo. Huhifadhi habari ya kila mvua iliyoingia mlangoni, kila mto uliovukwa, na kila fundi aliyefanya kazi yake kwa uaminifu au kwa hila.

Motokaa za kwanza hazikuwa na taabu kubwa katika jambo hili. Ford T, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1908, ilisimama juu ya fremu ya chuma iliyofanana na ngazi iliyolazwa. Injini, magurudumu na bodi, vyote viliitegemea fremu ile. Sakafu yenyewe ilikuwa mbao tupu. Zilipooza, seremala yeyote aliweza kukata nyingine kabla ya chakula cha mchana, na gari halikupungua nguvu, maana sakafu haikubeba kitu ila miguu ya watu.

Mambo yaligeuka chuma kilipochukua mahali pa mbao. Katika mji wa Philadelphia, Edward Budd alianzisha kampuni mwaka 1912, akaunda bodi za mabati ya chuma yaliyofinyangwa kwa mashine kubwa na kulehemiwa pamoja. André Citroën wa Ufaransa alichukua elimu hiyo, na mwaka 1924 akauza motokaa yenye bodi ya chuma kitupu. Kabla yake, mwaka 1922, Lancia wa Italia alikuwa amekwisha kuonyesha Lambda, gari lisilokuwa na fremu ya kando hata kidogo. Kisha mwaka 1934 Citroën alitoa gari lililovutwa kwa magurudumu ya mbele, ambalo ndani yake bodi, kuta na sakafu vilikuwa kitu kimoja, kama ganda la yai. Gari la namna hiyo ni jepesi, hukaa chini barabarani, na hugeuka kona bila kupepesuka. Walakini fikiri, msomaji, maana ya badiliko hili. Tangu siku hiyo sakafu haikuwa tena ubao wa kuwekea miguu. Ilikuwa sehemu ya mifupa ya gari. Ikioza, gari lenyewe hupinda, milango hukataa kufunga, na kiti cha dereva hukosa cha kushikilia.

Na chuma chembamba huoza upesi. Chuma hakishiki kutu kwa maji peke yake, wala kwa hewa peke yake. Hutaka vyote viwili pamoja. Unyevu ukilala juu ya bati, mkondo mdogo sana wa umeme hupita kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine, na sehemu inayotoa mkondo huo huliwa. Chumvi huyafanya maji kuwa njia bora ya umeme, na ndiyo sababu gari lililokaa Mombasa au Lamu huliwa mapema kuliko ndugu yake aliyekaa Nairobi. Huko Ulaya hawana upepo wetu wa kusi, lakini wakati wa baridi kali humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, basi hujiletea bahari wenyewe hata milimani.

Tena kutu ina tabia mbaya ya pili. Huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Alumini inapopatwa na hewa hujivika ngozi nyembamba, ngumu, inayoilinda. Kutu ya chuma ni sponji: huvimba, hubanduka, hunywa maji zaidi, na kazi huendelea chini yake. Mahali palipobanwa mabati mawili, kutu huyasukuma yakaachana kwa nguvu ambayo nyundo haiwezi kuirudisha.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja ambalo wazee wengi wa Kenya wanalikumbuka, nalo ni Volkswagen yenye umbo la mbawakawa. Historia yake haikuanza kwa heri. Ilichorwa na Ferdinand Porsche kwa amri ya serikali ya Hitler, na jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa Mei 1938. Wajerumani wapatao 336,000 walinunua stempu za akiba kila juma wakitumaini kupewa gari. Vita vilizuka mwaka 1939, kiwanda kikageuzwa kuwa cha zana za jeshi, watu wengi waliotekwa wakafanyishwa kazi humo kwa nguvu, na katika wale waliotoa akiba zao hakuna aliyekabidhiwa gari lake. Mwaka 1945 Waingereza walikikuta kiwanda kikiwa magofu, na afisa mmoja, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua. Gari la milioni moja lilitoka mwaka 1955. Mwaka 1972 hesabu yake iliipita ile ya Ford T, na la mwisho liliundwa Puebla, Meksiko, Julai 2003, likiwa katika jumla ya magari zaidi ya milioni 21. Hapa kwetu lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, juu ya barabara ambazo wakati wa masika zilikuwa mito ya tope.

Sakafu ya gari hili ni ya namna ya kati na kati. Halina fremu ya ngazi, wala si ganda tupu. Katikati yake mna mfereji wa bati uliopinduliwa kama uti wa mgongo, na ndani yake hupita nyaya za breki ya mkono, fimbo ya gia na bomba la petroli. Kila upande wa uti huo imelehemiwa nusu ya sakafu, bati lililofinyangwa mikunjo ili lisinepe. Bodi nzima hukalishwa juu yake, ikakazwa kwa bolti kuzunguka ukingo, na mpira ukawekwa katikati kuzuia maji. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuivua bodi kama mtu anayevua kofia, akaiona sakafu yote uchi. Katika magari ya ganda, mathalan Morris Minor ya mwaka 1948, jambo hilo haliwezekani.

Uzuri huo una maadui watatu. Wa kwanza ni betri, iliyowekwa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Tindikali yake ikimwagika hula bati lililo chini, ndiyo maana pembe ile hutoboka kwanza. Wa pili ni mipira ya madirisha. Ikikauka hupitisha maji, nayo huteremka yakalala chini ya busati yasipate kukauka. Wa tatu ni mifereji ya kando, chini ya milango, ambayo hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Ndani yake joto na unyevu hukutana gizani, na kutu haitaki makao mazuri kuliko hayo.

Nilipata kumfahamu mwalimu mmoja wa pwani aliyenunua gari la namna hii kwa akiba ya miaka mingi. Chini lilikuwa jeusi na laini, limepakwa lami nene, naye akafurahi kuona limetunzwa. Hakupita mwaka. Alipokuwa akirudi kutoka bara na watoto wake wawili, kiti chake kilinyanyuka kwenye reli yake akaanguka kinyumenyume, mikono ikaacha usukani. Mungu aliwasitiri, kwani walikuwa wakipanda mlima polepole na gari likasimama lenyewe kwenye nyasi. Mzee fundi aliyepelekewa gari lile alilala chini yake, akaikwangua lami kwa bisibisi, na bisibisi ikaingia mpaka mpini.

"Mwalimu," akasema, "gari hili limevikwa nguo, halikutibiwa. Hapa pana vipande vya mabati ya paa vimepigwa ribiti juu ya kutu."

"Mzee wangu, waweza kuliponya?"

"Laponyeka, ukiniachia muda. Ukitaka upesi, mpelekee aliyelivika nguo."

Kazi aliyoifanya mzee yule ndiyo kazi ya mafundi wote wanaojiheshimu, na inafaa kuelezwa. Kwanza aliitoa betri, akamwaga petroli yote na kuliondoa tangi, maana bomba hupita ndani ya ule uti wa mgongo, na cheche moja ya kulehemu yatosha kuliteketeza gari na karakana. Akavua viti na mabusati. Halafu akapachika vyuma katika uwazi wa milango, kutoka nguzo hadi nguzo. Msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi hii angeona huo ni upotevu wa wakati, lakini sakafu ikikatwa bila vyuma hivyo, mwili wa gari hulegea, na baada ya kazi milango haifungi tena.

Ndipo akakata. Hakuishia penye tundu, ila aliendelea mpaka alipokuta chuma kikavu chenye kung'aa. Hapa ndipo fundi mwema na fundi mbaya wanapoachana njia. Kiraka kilicholehemiwa juu ya bati lililooza hushika kwa miezi michache tu, kwa kuwa hakuna kinachokishikilia, na fauka ya hayo hufanya mfuko wa kuwekea maji. Mzee alilitoboa bati jipya vitundu kwenye ukingo, akalehemu kitundu hiki, kisha cha mbali, kisha cha upande mwingine, akipumzika ili joto lisilipinde bati. Hakutumia mabati ya paa. Zinki iliyo juu yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomtia mlehemu homa na kutetemeka, na bati lenyewe lilikuwa jembamba mno kwa kazi hiyo.

Lakini zinki hiyohiyo, ikitumiwa mahali pake, ni rafiki mkubwa wa chuma, na habari yake ni ndefu kuliko ya motokaa. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alijaribu kuyalinda mabati ya shaba yaliyovika matumbo ya manowari. Alifunga juu yake vipande vya zinki au chuma, na maji ya bahari yakala vipande hivyo, yakaiacha shaba. Jaribio lilifaulu kupita kiasi. Shaba iliyokuwa salama haikutoa tena sumu yake, konokono na magugu wakajishikiza kwa wingi, na meli zikaenda kwa uzito. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya haki ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Paa la mabati juu ya kichwa chako, msomaji, ni mtoto wa wazo hilo. Zinki hujitoa mhanga: hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na kukiponya chuma kilicho jirani.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wa motokaa walichukua zaidi ya miaka mia kuifuata. Walikuwa na dawa nyingine. Mwaka 1906 Thomas Coslett wa Birmingham alipata hati ya kuchemsha chuma katika tindikali ya fosfeti, ili kipate ngozi ambayo rangi hushika. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilianza kuzamisha bodi nzima ndani ya birika la rangi na kupitisha umeme, rangi ikavutwa mpaka pembe ambazo brashi haifiki. Porsche walianza kutumia mabati yenye zinki pande zote mbili mwaka 1975, na Audi wakafuata kwa bodi nzima mwaka 1986. Kwa maoni yangu sababu ya kuchelewa haikuwa ujinga. Zinki huongeza gharama siku ya kuuza, na kutu humfika mwenye gari baada ya siku hiyo.

Mzee wetu hakuwa na birika wala umeme wa namna hiyo, lakini alikuwa mtu wa pwani, na pwani inaijua kazi hii tangu zamani. Waunda majahazi hujaza nyufa za mbao kwa kalafati, hupaka sifa juu na deheni chini, na hurudia kila mwaka bila kulalamika. Naye alifanya vivyo hivyo kwa vitu vya zama zake. Alisugua kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kwanza yenye zinki, akaziba kila mshono kwa dawa laini isiyokauka ikapasuka, akapaka rangi ya pili, na mwisho akanyunyiza nta ya moto ndani ya mifereji ya kando, ikapenya kila pembe. Lami aliikataa. Lami si mbaya ikiwa mpya, alieleza, lakini ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Maji huingia katika ufa, yakakaa nyuma yake kama mwizi nyuma ya pazia, na mwenye gari huona weusi tu akadhani yuko salama.

Kabla ya kurudisha viti alimwita mwalimu, akachukua ndoo ya maji akayamwaga yote ndani ya gari. Mwalimu akashtuka. Maji yalizunguka kidogo kwenye mikunjo ya bati, yakatafuta vitundu vinne ambavyo mzee alikuwa ameviacha wazi kwa makusudi, yakachuruzika mchangani hata tone la mwisho. Mzee akapangusa sakafu kwa kitambaa kikavu, akavifunga vitundu kwa vizibo vya mpira, akampa mwalimu betri aishike mwenyewe, na kisanduku cha plastiki cha kuiwekea ndani.