Puto la alfajiri Serengeti na Mara: Bei, hatari na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kila msimu wa likizo picha zake hujaa mitandaoni. Puto kubwa la rangi liko juu ya nyika, jua ndiyo kwanza linachomoza, na chini twiga wanaonekana wadogo kama vichezeo vya watoto.

Kisichoonekana kwenye picha ni bei. Serengeti na Maasai Mara, safari ya takriban saa moja angani huuzwa kwa kati ya dola 450 na 600 za Marekani kwa mtu mmoja. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1 za Tanzania, au zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya. Getini mwananchi analipa kiingilio chake kwa shilingi, tena kwa bei ya mwenyeji, lakini kwenye puto wengi hukuta bei ni moja kwa wote, na ni ya dola.

Kingine kisichoonekana ni fomu. Kabla ya kupanda, abiria husaini karatasi inayosema anazijua hatari zilizopo. Wengi husaini bila kusoma, maana ni usiku bado na usingizi haujawatoka vizuri.

Kwa nini lazima iwe alfajiri?

Siyo kwa ajili ya picha tu. Puto (wengine huliita baluni) linapaa kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida, usawa wa bahari, ina uzito wa takriban kilo 1.2. Ukiipasha hadi nyuzijoto 100, inashuka chini kidogo ya kilo 1. Tofauti hiyo, kama robo kilo hivi, ndiyo nguvu ya kubeba. Ni ndogo sana, ndiyo maana puto la kubeba watu 16 linahitaji hewa ya maelfu ya mita za ujazo, na likisimama linaonekana kama jengo la ghorofa.

Sasa, Serengeti ya kati iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Kukiwa na baridi ya nyuzijoto 15 asubuhi, puto linabeba vizuri. Joto la nje likifika 30 mchana, puto lilelile, na moto uleule ndani, linapoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake wa kubeba.

Kubwa zaidi ni upepo. Usiku ardhi inapoa na hewa inatulia. Jua likishapanda, ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda juu kwa mafungu na kuvuruga kila kitu. Tai na kozi huisubiri hewa hiyo ili wapae bila kupiga mbawa. Rubani wa puto yeye huikimbia, na hutaka awe ameshatua kabla haijaanza.

Puto halina usukani

Hili huwashangaza wengi. Rubani hawezi kukata kona. Anachoweza ni kupanda na kushuka: akiwasha moto linapanda, akiacha hewa ipoe au akifungua mlango wa juu kwa kamba linashuka. Kwenda kulia au kushoto kunategemea upepo, ambao mara nyingi huelekea upande mmoja karibu na ardhi na upande mwingine mita 200 juu. Rubani mzoefu anatafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, analipanda kama mtu anayedandia daladala, kisha anashuka kwenye tabaka jingine.

Kwa hiyo hakuna anayejua kwa uhakika puto litatua wapi. Magari yanalifuata chini, yakiongozwa kwa redio.

Moto wenyewe unatokana na gesi ya propani, ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia ya majumbani, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Mitungi hukaa ndani ya kikapu pamoja na abiria.

Ilianzaje hapa kwetu?

Binadamu wa kwanza kuruka bila kufungwa kamba walipanda puto la ndugu wa Montgolfier jijini Paris, tarehe 21 Novemba 1783. Miezi miwili kabla yao, walirushwa kondoo, bata na jogoo ili ionekane kama kiumbe anaweza kupumua huko juu.

Miaka 80 baadaye, mwaka 1863, mwandishi Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya kuhusu wasafiri wanaovuka Afrika kwa puto wakianzia Zanzibar. Ilikuwa hadithi tu. Lakini mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith aliondoka kweli Zanzibar kwa puto lililoitwa Jambo na kuvuka bahari hadi bara. Lile lilikuwa la gesi ya haidrojeni, siyo la hewa moto. Miongoni mwa wenzake alikuwa Alan Root, mpiga filamu za wanyama aliyeishi Kenya.

Root hakuishia hapo. Mwaka 1974 yeye na mkewe Joan waliruka juu ya Kilimanjaro kwa puto la hewa moto, na mwaka 1976 akaanzisha safari za watalii Maasai Mara. Upande wa Serengeti biashara hiyo ilianza mwaka 1989. Leo zipo pia Tarangire. Duniani, anayeongoza kwa umaarufu ni eneo la Kapadokia nchini Uturuki, ambako asubuhi moja nzuri hupaa maputo zaidi ya 100. Mara na Serengeti anga ni tupu zaidi, na huo ni uzuri wake.

Asubuhi yenyewe inavyokwenda

Gari hufika kambini au hotelini kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri. Wanaolala mbali na eneo la kurushia huamshwa mapema zaidi, saa 9 usiku. Serengeti kwa kawaida hairuhusu magari ya watalii kutembea gizani, hivyo magari ya puto huwa na kibali maalumu. Bonasi hapa: njiani wanaweza kuonekana fisi, viboko walio malishoni na wanyama wengine wa usiku ambao mtalii wa kawaida hawaoni kabisa.

Wakifika, wanakuta puto limelazwa chini. Feni kubwa zinalijaza hewa ya baridi, kisha moto unawashwa. Kwa vikapu vingi vikubwa vya Serengeti, abiria huingia kikapu kikiwa kimelala ubavu, nao wanalala chali miguu juu kama wanaanga. Puto likisimama, kikapu kinasimama nalo. Kina vyumba vidogo vidogo, abiria wachache kila kimoja, na rubani katikati.

Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Huko juu hakuna upepo usoni, kwa sababu puto linakwenda kwa mwendo uleule wa upepo. Kofia haipeperuki. Kunakuwa kimya kabisa, kisha moto unanguruma sekunde kadhaa, kisha kimya tena.

Kelele hiyo ina upande wake wa pili. Wanyama wengine hushtuka na kukimbia, hasa puto likiwa chini. Anayetarajia kumwona simba kwa karibu afadhali apande gari. Puto linaonyesha ukubwa: mto unavyojikunja, njia za viboko kwenye majani, kundi la nyumbu lisilo na mwisho. Kwa nyumbu, upande wa Ndutu ni Januari hadi Machi wakati wa kuzaa, na Mto Mara ni Julai hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo bado kuna mengi ya kuona, ila picha ya maelfu ya nyumbu isitarajiwe.

Baada ya kutua kuna kifungua kinywa porini na glasi ya shampeni, desturi iliyotoka Ufaransa. Wasiokunywa pombe hupewa juisi.

Kutua ndipo penye kazi

Kupaa ni kulaini. Kutua, siyo kila mara. Puto halina breki. Kukiwa na upepo kidogo, kikapu kinagusa ardhi, kinaruka, kinagusa tena, kinaburutwa mita kadhaa na pengine kinalala ubavu. Rubani hueleza haya kabla ya kupaa: simu na kamera ziwekwe mfukoni, abiria achuchumae au akae, mgongo uelekee upande puto linakokwenda, mikono ishike kamba za ndani. Majeraha mengi ya safari hizi, kama vifundo vya miguu na mgongo, hutokea hapa, mara nyingi kwa mtu aliyesimama ili arekodi video.

Sheria moja haina mjadala: hakuna kutoka kwenye kikapu hadi rubani aseme. Uzito wa abiria ndio unaolishikilia puto chini. Mmoja akiruka nje, puto linakuwa jepesi ghafla na linaweza kupaa tena na waliobaki.

Ajali zilizobadilisha mambo

Ajali mbaya kuliko zote katika historia ya maputo ya hewa moto ilionyesha hatari hiyo. Tarehe 26 Februari 2013, mjini Luxor, Misri, puto lenye watu 21 lilishika moto wakati linatua. Rubani na abiria mmoja walitoka na kunusurika. Puto likapaa tena likiwaka, na watu 19 wakafariki.

Mwaka 2012, Carterton nchini New Zealand, watu 11 walikufa puto lilipogusa nyaya za umeme. Nyaya tena, tarehe 30 Julai 2016 karibu na Lockhart, Texas: watu 16. Wachunguzi wa Marekani walibaini kuwa rubani aliruka hali ya hewa ikiwa mbaya, na kwamba matatizo yake ya kiafya na dawa alizotumia viliathiri maamuzi yake. Wakati huo marubani wa maputo Marekani hawakutakiwa kuwa na cheti cha afya kama wenzao wa ndege za abiria. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022.

Nyika za Serengeti na Mara zina nyaya chache mno, na hilo linasaidia. Lakini ajali hizo zinaonyesha kwamba usalama unategemea sana mtu mmoja aliyeshika kichomeo, na uamuzi wake wa kuruka au kutoruka.

Nani asipande

Wajawazito hawaruhusiwi. Vivyo hivyo waliofanyiwa upasuaji karibuni na wenye matatizo makubwa ya mgongo, magoti au mifupa. Watoto wadogo hukataliwa, kwani kikapu kinafika kifuani mwa mtu mzima, na mtoto lazima aweze kuona nje na kufuata maelekezo. Kampuni nyingi huanzia miaka 7 hivi.

Uzito wa kila abiria huulizwa. Watu hupunguza kilo kwa aibu, lakini namba hiyo haikuwekwa kwa udadisi: rubani anaitumia kupiga hesabu ya gesi na kupanga nani asimame wapi. Mwenye uzito mkubwa anaweza kutozwa nafasi ya ziada kwenye baadhi ya kampuni, na ni bora alijue mapema.

Kabla ya kulipa

Swali la kwanza ni leseni. Tanzania, maputo ya biashara yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Kenya ni KCAA. Kampuni halali haikasiriki ikiulizwa kibali chake, leseni ya rubani na bima ya abiria. Bima ya safari ya msafiri mwenyewe nayo isomwe, kwani nyingine haziingizi michezo ya angani.

Swali la pili: ikiahirishwa, fedha inakwendaje? Mvua, ukungu au upepo vikizidi, rubani anafuta safari, wakati mwingine watu wakiwa tayari wamefika uwanjani. Jibu linalotakiwa ni kurudishiwa fedha zote au kupangiwa siku nyingine, na liwe kwa maandishi. Wakala anayesema "huwa haziahirishwi" anatia shaka, siyo moyo.

Kwa sababu hiyohiyo, waongoza watalii wenye uzoefu hupanga puto asubuhi ya kwanza ya kukaa hifadhini, ili ikishindikana ibaki siku ya pili. Anayeliweka siku ya mwisho, na ndege ya kurudi inamsubiri mchana, hana pa kusogea.

Mavazi: sweta au koti la kuvua baadaye, suruali na viatu vya kufunika mguu. Kofia pia, kwa sababu kichomeo kiko juu ya kichwa na joto lake linashuka, hasa kwa warefu. Begi kubwa libaki kwenye gari.