Maombolezo ya Challenger: Tanzia ya Taifa na Deni la Marehemu

Kila umma una desturi yake ya kuwalilia wafu wake. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ndugu na majirani hukusanyika matangani, rambirambi hutolewa, marehemu husifiwa kwa mema yake, na hatimaye matanga huondolewa ili walio hai wapate kurudi katika shughuli zao. Lakini ndani ya desturi hiyo mna jambo la pili, ambalo halina machozi wala ufasaha. Mbele ya jeneza husimama mtu akauliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze, ili deni lilipwe au lisamehewe. Sifa na hesabu huandamana, na ikikosekana mojawapo watu husema kwamba msiba haujakwisha.

Katika historia ya maombolezo ya hadhara ya karne ya 20, upo msiba mmoja unaoonyesha wazi jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kutengana. Msiba huo ni kuangamia kwa chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger, tarehe 28 Januari 1986.

Asubuhi hiyo chombo kiliruka kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, katika jimbo la Florida, saa tano na dakika 38 kwa saa za huko. Ndani yake walikuwamo watu saba: Francis Scobee, aliyekuwa kamanda, Michael Smith, rubani, Judith Resnik, Ellison Onizuka na Ronald McNair, wanaanga, Gregory Jarvis, mhandisi, na Christa McAuliffe, mwalimu wa shule ya sekondari mjini Concord, New Hampshire. Mwalimu huyo alikuwa amechaguliwa miongoni mwa walimu zaidi ya 11,000 walioomba nafasi hiyo, na alikusudia kufundisha masomo kutoka angani. Kwa ajili yake, shule nyingi za Marekani zilikuwa zimeweka televisheni darasani ili watoto wamwone akipaa. Baada ya sekunde 73, kwenye kimo cha kilometa 14 hivi, tangi kubwa la mafuta lilipasuka, chombo kikavunjwavunjwa na nguvu za hewa, na moshi mweupe ukagawanyika njia mbili juu ya bahari ya Atlantiki. Wazazi wa mwalimu walikuwa wamesimama uwanjani wakitazama. Kwa dakika kadhaa watazamaji wengi hawakujua kama walichokiona ndicho kilichopaswa kuonekana.

Hapa pana jambo linaloutofautisha msiba huu na misiba mingi iliyoutangulia. Kwa kawaida habari ya kifo humfikia mtu kwa kinywa cha mtu mwingine, na mleta habari huchagua maneno, hutanguliza salamu, hutafuta mahali pa kumketisha mfiwa. Katika siku hiyo kifo kiliwafikia watoto wa shule pasipo mjumbe. Hapakuwa na aliyetangulia kuwaandaa, na mwalimu wao wa darasani hakujua zaidi ya walivyojua wao. Kwa sababu hiyo, maneno yaliyofuata yalikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuomboleza, na kutoa habari ambayo tayari ilikuwa imekwisha kuonwa na macho.

Jioni ya siku hiyo Rais Ronald Reagan alikuwa ametazamiwa kulihutubia Bunge juu ya hali ya taifa. Aliiahirisha hotuba hiyo, akazungumza na taifa kutoka ofisini mwake kwa muda wa dakika nne hivi. Maneno yalitungwa na mwandishi wake, Peggy Noonan, katika saa chache tu. Ukiichunguza hotuba hiyo kwa muundo wake, utaona kwamba haikusemwa kwa hadhira moja. Kwanza aliwataja marehemu kwa majina, mmoja mmoja; kisha akazigeukia jamaa zao; kisha akawageukia watoto wa shule, akawaeleza kwamba mambo ya uchungu namna hiyo hutokea katika kazi ya ugunduzi; na mwisho akasema na wafanyakazi wa NASA, yaani shirika la anga la nchi hiyo. Alikumbusha pia kwamba katika siku kama hiyo, miaka 390 kabla yake, baharia Mwingereza Francis Drake alifariki chomboni mwake karibu na pwani ya Panama. Alimaliza kwa maneno aliyoyachukua katika shairi liitwalo "High Flight", lililotungwa na John Gillespie Magee, rubani kijana wa jeshi la anga la Kanada, ambaye mwenyewe aliuawa katika ajali ya ndege mnamo Desemba 1941, akiwa na umri wa miaka 19.

Tanzia hiyo ilifanya kazi yake vizuri. Iliwapa watu lugha ya kushika wakati ambapo hawakuwa nayo, na iliwahesabu watoto kuwa wafiwa halisi, jambo ambalo watu wazima husahau mara nyingi. Siku tatu baadaye, tarehe 31 Januari, maelfu ya watu walikusanyika mjini Houston, katika Kituo cha Anga cha Johnson, na ndege za mafunzo zikapita juu yao kwa mpangilio wenye pengo moja, ambayo ni desturi ya marubani ya kumwaga mwenzao.

Walakini, katika hotuba ya jioni ile mlikuwamo dai moja linalostahili kuangaliwa tena. Rais alisema kwamba Marekani haifichi mambo yake ya anga, bali huyatenda yote hadharani. Hapana shaka kwamba alikuwa akiwafikiria Warusi. Katika Urusi ya Kisovieti, mwanaanga mwanafunzi Valentin Bondarenko aliungua na kufa mafunzoni mwezi Machi 1961, na umma haukuarifiwa. Mwezi Agosti 1971, wanaanga wa Apollo 15 walipoacha mwezini sanamu ndogo na kibao chenye majina 14 ya waliokufa katika kazi hiyo, wa Marekani na wa Kisovieti, jina la Bondarenko halikuwamo, kwa kuwa hapana aliyelijua nje ya nchi yake. Habari zake zilichapishwa katika gazeti la serikali ya Kisovieti katika mwaka wa 1986, mwaka ule ule wa Challenger. Lakini kibao hicho kilikosa jina jingine pia, nalo ni la Robert Lawrence, Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mwanaanga, aliyefariki katika ajali ya ndege Desemba 1967. Yeye alikuwa katika mpango wa anga wa jeshi, na kwa miaka mingi hakuhesabiwa. Jina lake liliandikwa katika ukuta wa kumbukumbu huko Florida katika mwaka wa 1997, miaka 30 baada ya kifo chake. Hivyo basi, kusahau katika maombolezo si tabia ya serikali moja, wala hakuhitaji amri ya siri. Mara nyingine hutosha orodha iliyoandikwa kwa kanuni nyembamba.

Na katika habari ya Challenger yenyewe, palikuwa na jambo lililofichika. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, katika jimbo la Utah, walizungumza kwa simu na wakuu wa NASA. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza roketi mbili za ubavuni zilizokisukuma chombo. Viungo vya roketi hizo vilizibwa kwa pete za mpira, na wahandisi, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walihofu kwamba baridi ya usiku huo ingeufanya mpira kuwa mgumu, usiweze kuziba upesi. Walishauri chombo kisirushwe ikiwa hali ya hewa iko chini ya digrii 12 za sentigredi. Wakuu wa NASA waliupinga ushauri huo. Wakuu wa kampuni wakaomba faragha, wakawaacha wahandisi wao kando, wakarudi na jawabu la kukubali. Allan McDonald, aliyeiwakilisha kampuni huko Florida, alikataa kutia sahihi yake, na sahihi ikatiwa na mwingine. Asubuhi ilikuwa digrii 2 tu, na barafu ilining'inia katika mnara wa kurushia. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule waliokataa kusikia walikuwa wakuu wenyewe, na waliovunjika ni wengine.

Hesabu ilianza Februari. Rais aliunda tume chini ya William Rogers, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Neil Armstrong, Sally Ride na mtaalamu wa fizikia Richard Feynman. Tarehe 11 Februari, mbele ya kamera, Feynman alitia kipande cha pete katika gilasi ya maji ya barafu, akakitoa, akaonyesha kwamba hakirudi katika umbo lake upesi. Jambo lililokuwa limezungumzwa kwa saa nyingi katika simu liliweza kueleweka na mtoto wa shule kwa dakika moja. Taarifa ya tume, iliyotolewa Juni 1986, ilitaja kasoro ya kiungo, lakini haikuishia hapo. Ilisema pia kwamba njia ya kukata shauri ndani ya shirika ilikuwa na kasoro. Kasoro ya pete ilikuwa imejulikana kwa miaka kadhaa.

Yafaa kutazama jinsi kila upande ulivyobeba sehemu yake ya msiba. Jamaa za marehemu hawakutosheka na sanamu. Katika mwaka huo huo walianzisha taasisi ya kufundisha watoto sayansi, ili somo la Mwalimu McAuliffe lisikatike. Naye Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa akiba yake, alisafiri angani Agosti 2007. Wataalamu wa nyota waliyatia majina ya wote saba katika mashimo ya mwezi na katika sayari ndogo. Na katika mji wa Lake City, South Carolina, ilitokea kumbukumbu yenye maana kupita nyingine. Katika mwaka wa 1959 Ronald McNair, akiwa mtoto wa miaka tisa, alikataliwa kuazima vitabu katika maktaba ya mji kwa kuwa yu mweusi. Alikaa pale pale hata polisi wakaitwa, na hatimaye akaondoka na vitabu vyake. Jengo hilo sasa ni makumbusho yenye jina lake. Sifa hapo imeambatana na kukiri deni.

Mabaki ya chombo chenyewe yalipelekwa njia nyingine. Baada ya kuopolewa baharini na kuchunguzwa, yalifukiwa katika mashimo mawili ya zamani ya makombora huko Cape Canaveral, yakafunikwa kwa saruji. Waliofanya hivyo walitaka, bila shaka, kuzuia watu wasiyafanye mabaki hayo kuwa kitu cha kutazamwa kwa udadisi. Lakini matokeo yake ni kwamba kizazi kipya cha wahandisi kilikua kikiyasikia majina ya wafu kila mwaka, wala hakikuona chuma kilichowaua.

Na wale walioonya walibaki na huzuni ambayo haikuwa na mahali katika sherehe yoyote. Bob Ebeling, mmoja wa wahandisi wa Utah, aliishi miaka 30 akijilaumu kwamba hakusema kwa nguvu ya kutosha. Mnamo Januari 2016 alieleza uchungu wake katika redio, naye alikuwa mzee wa miaka 89. Mamia ya wasikilizaji walimwandikia kwamba alitimiza wajibu wake. Alifariki Machi mwaka huo, baada ya kusema kwamba barua hizo zilimpunguzia mzigo. Rambirambi hizo zilikawia miaka 30, na zilitoka kwa watu wasiomjua.

Tarehe 1 Februari 2003 chombo kingine, Columbia, kiliteketea juu ya Texas kikirudi duniani, wakafa watu saba. Kipande cha povu gumu kilikuwa kimeanguka kutoka katika tangi wakati wa kuruka na kulipiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha kutoka mbali, na ombi lao halikutekelezwa. Tume iliyochunguza ilisema katika Agosti mwaka huo kwamba makosa ya shirika yalikuwa mwangwi wa yale ya 1986. Katika miaka 17 iliyopita kati ya misiba hiyo miwili, sifa za marehemu hazikupungua. Hesabu ndiyo iliyosahauliwa.

Safari hii mabaki hayakufukiwa. Yaliwekwa katika chumba huko Kennedy ambapo wahandisi na wanafunzi huweza kuyachunguza. Katika mwaka wa 2015, kwa ridhaa ya jamaa, kipande cha ubavu wa Challenger chenye bendera kilitolewa shimoni kikawekwa katika maonyesho ya hadhara, pamoja na fremu za madirisha ya Columbia. Na mwaka wa 2022 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta ndege ya vita ya zamani katika bahari ya Florida waliona kitu kikubwa kilichofunikwa nusu na mchanga, chenye vigae vidogo vya mraba. Vilikuwa vigae vya Challenger. Kila mwishoni mwa Januari watumishi wa shirika hilo huadhimisha siku ya kuwakumbuka wenzao waliokufa, wakiyasoma majina na kuweka mashada. Desturi hiyo ni njema. Itakuwa kamili siku ambayo, baada ya majina kusomwa, mkuu atawageukia walio chini yake na kuwauliza, kama aulizavyo mtu mbele ya jeneza, kama yupo mwenye dai ambalo halijasikilizwa.