Kulinganisha Picha kama Msingi wa Utafiti wa Falaki

Sehemu kubwa ya uvumbuzi wa falaki hufanyika mezani, baada ya darubini kufungwa. Jicho halihifadhi linachokiona wala halikusanyi mwanga kwa muda mrefu. Sahani ya kioo iliyopakwa kemikali, ikiachwa kwenye darubini kwa saa nzima, hunasa nyota hafifu ambazo jicho haliwezi kuziona, na hubaki kabatini hadi ipatikane nyingine ya kuilinganisha nayo.

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na kituo Arequipa, Peru, kwa ajili ya anga la kusini. Sahani zilipigwa huko, zikapelekwa Marekani, na Henrietta Leavitt akazichunguza. Kwenye sahani hizo nyota ni vitone vyeusi juu ya kioo cheupe. Leavitt alichukua nakala iliyogeuzwa ya usiku mmoja, yenye nyota nyeupe, akaiweka juu ya sahani ya usiku mwingine. Nyota isiyobadilika ilifutika. Iliyobadilika mng'aro ilijitokeza. Orodha yake ya mwaka 1908 ilikuwa na nyota badilifu 1,777 za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo za anga la kusini. Mwaka 1912, kwa kutumia nyota 25 tu za Wingu Dogo, alionyesha kwamba kadiri nyota ya aina ya Sefeidi inavyong'aa zaidi, ndivyo inavyochukua siku nyingi kung'aa, kufifia na kung'aa tena. Kwa kuwa nyota hizo ziko karibu umbali mmoja kutoka Duniani, tofauti hiyo ya mng'aro ni ya nyota zenyewe. Kilichobaki ni kupima umbali wa Sefeidi chache za jirani ili kanuni hiyo igeuke rula.

Rula hiyo ndiyo aliyoitumia mwanafalaki Edwin Hubble. Oktoba 1923, katika kituo cha Mount Wilson, Marekani, aliweka herufi N, alama ya nova (nyota inayong'aa ghafla kisha kufifia), kando ya vitone vitatu kwenye sahani ya Andromeda. Sahani za zamani zilionyesha kwamba kimoja kilikuwa kiking'aa na kufifia tena na tena, akaikata N yake na kuandika "VAR!", yaani nyota badilifu. Ilikuwa Sefeidi. Umbali alioukokotoa, kama miaka ya nuru 900,000, ni mdogo mno ukilinganishwa na milioni 2.5 za vipimo vya leo, lakini ulitosha kuiweka Andromeda nje ya Njia Nyeupe, galaksi yetu.

Kompyuta haikubadilisha mantiki hiyo. Kituo cha Vera C. Rubin, kilichopo Cerro Pachón, Chile, chenye kamera ya megapikseli 3,200, huondoa picha ya marejeo ya eneo lilelile kutoka kwenye kila picha mpya. Ugumu uko hewani: mtikisiko wa angahewa huipanua nyota ileile kwa kiasi tofauti kila usiku, hivyo ukungu wa picha mbili husawazishwa kwanza. Hata hivyo hubaki mabaki ya uongo, yakiwamo mistari ya setilaiti, ambayo programu huyachuja kabla ya wanafalaki kuamua ni badiliko lipi lifuatiliwe kwa darubini nyingine.