Geto, kilemba na sheria iliyozikwa 2005

Najua wengi mlitegemea niendelee na vituko vya tesi wiki jana, ila hiyo mtanisamehe, leo nina kitu kimenikaa kichwani tangu seminari ya historia ya juzi na nisipokiandika sitalala.

Tulikuwa tunasoma Azimio la Arusha la Februari 1967. Kila aliyepita form four analijua kwa kukariri: ujamaa, kujitegemea, mabenki kutaifishwa, basi. Sasa nendeni kwenye masharti ya uongozi, ile sehemu tunayoipita mbio kwa sababu haitokagi kwenye mtihani. Kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi kwenye kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba ya kupangisha. Hiyo ya mwisho isomeni mara mbili. Kupangisha nyumba kuliwekwa kapu moja na ubepari!

Darasa zima lilicheka, maana nusu yetu tunakaa geto za kupanga hapa Mtwara, na baba wenye nyumba wetu wengine ni watumishi wa umma kabisa. Leo hawavunji sharti lolote. Azimio la Zanzibar la 1991 ndilo lililofungua mlango, kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Lakini mimi nikabaki na swali: kama kuna wakati serikali ilimwona mwenye nyumba kama mnyonyaji, mpangaji wa wakati huo alikuwa na ulinzi gani? Na ule ulinzi ulienda wapi, mbona sisi hatuuoni?

Nimechimba wiki nzima. Ngoja niwamegee.

Kugombana juu ya kodi ya nyumba pwani hii hakukuanza na wanachuo. Ng'ambo ya Unguja miaka ya 1920 watu walikuwa wanajenga vibanda vyao wenyewe lakini ardhi ni ya mwingine, kwa hiyo wanalipia kiwanja. Wenye ardhi walipozidi kupandisha, watu wakagoma kulipa. Mwaka 1928 mambo yakachemka, wagomaji wakafungwa, umati ukaenda kuwatoa. Mwishowe serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi zile zisipande ovyo. Uingereza kwenyewe walishapitia hayo hayo: 1915, katikati ya vita, akina mama wa Glasgow wakiongozwa na Mary Barbour walikataa nyongeza ya kodi, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Yaani hizi sheria hazikushuka kwa huruma, kila mahali kuna watu waliogoma kwanza.

Bara, udhibiti wa kodi mijini ulianza miaka ya 1940, vita kuu ya pili ikiwa imebana kila kitu. Miaka hiyo hiyo ndiyo Mtwara yetu ilizaliwa. Kabla ya hapo mji ulikuwa Mikindani, na huku kulikuwa na vijiji vya wavuvi. Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilitakiwa zipite hapa, ndiyo ikajengwa reli na bandari ya kina kirefu. Mji ukapimwa na mabarabara mapana kama uwanja wa ndege, mnayaona hadi leo mkienda Shangani. Karanga zikagoma. Mradi ukafutwa 1951, Waingereza wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 36. Bandari ilifunguliwa 1954 mradi umeshakufa, na reli ikafungwa 1962. Mtwara ilibaki na nguo ya mtu mnene kwenye mwili mwembamba.

Nimelisema hilo kwa sababu linaeleza kodi za hapa. Mji huu unapandishwa bei na wageni wanaokuja na mradi, halafu mradi ukiondoka wenye nyumba wanabaki wanatazamana na vyumba vitupu.

Turudi kwenye sheria. Baada ya uhuru, mwaka 1962, vikaja vitu viwili pamoja: Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Tarehe 22 Aprili 1971 ndiyo likaja lile kubwa. Jengo lolote la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikai lote likachukuliwa na serikali. Karibu majengo 3,000 nchi nzima, mengi sana ya Wahindi. Jengo lenye umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipwa fidia hata senti. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na yule mpangaji wa jana akaamka mpangaji wa serikali. Wengi waliokuwa na nyumba hizo walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Kwenye notisi zetu hiki kitu kina mstari mmoja tu, mimi naona kilistahili wiki nzima, kwa sababu humo ndani kuna watu waliopoteza kazi ya maisha yao na kuna watu waliopata kukaa mjini kwa mara ya kwanza. Yote mawili ni kweli, na mwalimu ukifundisha moja ukaacha jingine umedanganya watoto.

Halafu 1984 ikaja sheria mpya ya kudhibiti kodi. Hii ndiyo ambayo wazee wetu bado wanaitaja wakiongea habari za nyumba, japo hawajui kuwa wanaitaja. Kwa sheria ile mwenye nyumba hakuwa na uhuru wa kutaja bei anayotaka. Kulikuwa na Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa yenye uwezo wa kupanga kodi halali ya nyumba yako. Kumtoa mpangaji kulihitaji amri, siyo kuja na kufuli jipya saa mbili usiku. Na kilemba kilikatazwa.

Kilemba mnakijua? Siyo cha kichwani. Ni ile hela unayotoa mkononi ili tu ukubaliwe kupewa nyumba au fremu ya duka, mbali na kodi yenyewe. Siku hizi kimebadilika jina, kinaitwa cha dalali, "mwezi mmoja wa dalali".

Sasa msidhani ilikuwa pepo. Kodi ikishikiliwa chini miaka na miaka, mwenye nyumba hakarabati. Majengo ya Msajili yaliparara mpaka rangi ikasahaulika. Aliyekuwa na bahati ya kuwa na nyumba ya shirika alilipa kidogo halafu anampangisha mwingine juu kwa juu kwa bei ya mtaani, yaani mpangaji naye anageuka bepari. Na nyumba zetu hizi za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele na wapangaji wa nyuma, huko nani alimpeleka mama mwenye nyumba barazani? Mnachota maji kisima kimoja, mnazikana. Sheria ile kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya majumba ya mawe ya mjini. Magomeni na Chikongola waliishi kwa maelewano, na maelewano yana uzuri wake mpaka siku yanapovunjika.

Msajili wa Majumba aliunganishwa na NHC mwaka 1990, wakati upepo umeshageuka kuelekea soko huria. Na mwaka 2005, ndani ya sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali, ile Sheria ya Kudhibiti Kodi ikafutwa. Kwa kheri. Udhibiti ambao Zanzibar walifungwa jela ndipo ukapatikana, huku kwetu uliondoka kwenye karatasi iliyobeba marekebisho mengine chungu nzima, na wengi wetu hatujui kama uliwahi kuwepo. Hoja yao ilikuwa kwamba udhibiti unakatisha watu tamaa ya kujenga. Hoja siyo ya kijinga, nimeshasema hapo juu majengo yalivyoparara. Ila angalieni wakati. Miaka michache tu baadaye, kuanzia 2010, gesi ya baharini ikaanza kutangazwa, wazungu wa utafiti wakajaa Shangani, mahoteli yakajaa, kiwanda cha saruji cha Dangote kikaja Msijute. Kodi za Mtwara zikaruka, na hapakuwa na baraza lolote la kuuliza imekuwaje. Mei 2013 kukawa na zile vurugu za bomba la gesi, watu wakafa, sitaki kuzigusa kwa juu juu leo. Bomba likazinduliwa 2015, wageni wakapungua, na ile hadithi ya karanga ikajirudia: matangazo ya "chumba kinapangishwa" kwenye kila mwembe.

Kwa hiyo tumebaki na nini? Tumebaki na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wako. Nimeisoma sehemu ya upangaji (lugha yake inaua, lakini nimeimaliza), hasa vifungu vya 88 na 89. Bei haipangi, bei ni yenu wawili. Lakini inasema, hata kama hamkuandika, kwamba mpangaji anayelipa na kufuata masharti akae kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na njia za pamoja. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kuishi binadamu siku unayoingia. Na sisi: tulipe kodi kwa wakati, tutunze, turudishe chumba kama tulivyokikuta, tumruhusu mwenyewe akague kwa muda wa kistaarabu, tusimpangishe mwingine bila idhini yake ya maandishi. Hiyo ya mwisho tunaivunja kila likizo, msijifanye hamsikii. Upangaji wa mwaka mmoja au chini unaweza kuwa hata wa mdomo. Na kama unalipa mwezi kwa mwezi bila kutaja mwisho wala notisi, basi notisi ni urefu wa kipindi hicho unacholipia. Ule wimbo wa "lazima anipe miezi mitatu" hauna mahali pa kusimama kama haukuandikwa.

Mfano hai. Kuna jamaa zangu watatu, mwaka wa pili, walilipa miezi sita kuanzia Desemba, bumu lote likaishia hapo. Mwishoni mwa Februari mwenye nyumba akaja na dalali: amepatikana mtu wa kampuni, anatoa zaidi, nyie nawapa wiki mbili. Mmoja akaanza kufunga mabegi. "Si nyumba yake jamani?" Kilichowaokoa ni karatasi ya daftari, imeandikwa kwa peni ya bluu: kiasi, vyumba viwili, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, sahihi mbili. Wakaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee yule akaisoma polepole, akamgeukia mwenye nyumba, "Ndugu yangu, hii sahihi ni yako?" Ikawa ni yake. Walikaa mpaka mwisho wa Mei. Juni hakuwaongezea mkataba, na hiyo ilikuwa haki yake, hata mimi ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo.

Mwenyekiti asipoweza, kuna baraza la kata, ila tangu 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Hukumu ni kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lile lililoanzishwa kwa sheria ya 2002. Nani kati yetu ataenda huko kwa kodi ya miezi miwili na mitihani iko wiki ijayo? Ndiyo maana nasema ile karatasi ya daftari ndiyo sheria yetu.

Na kabla hamjanipigia makofi, kuna upande wa pili. Bibi mmoja jirani yetu ana vyumba viwili vya kupangisha, hana pensheni, mikorosho yake imezeeka. Mwaka jana mwanachuo alimaliza mtihani wa mwisho, akaondoka usiku na deni la miezi mitatu na ufunguo. Sheria ya 1984 isingemsaidia bibi huyu, na ya sasa hajui hata inaanzia wapi.

Na kichekesho kimoja: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku. Walianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya chini. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni sisi. Wakasema mpangaji akubaliane na mwenye nyumba amrudishie. Nani amewahi kurudishiwa? Anyooshe mkono.

Wa mwaka wangu, BTP inakuja na miezi miwili hatupo geto. Nimekaa na mama mwenye nyumba jioni ya jana, nikamwamkia, nikamweleza, akasema mizigo ikae ndani nilipe nusu. Tumeandika. Kopi moja anayo yeye kwenye kabati la vyombo, moja ninayo. Anayetaka kuona tulivyoiandika aje chumbani na soda.