Jiwe la Kutafutia Watoto

Ukitoka stesheni ya Tokyo kwa mlango wa Yaesu ukashika njia ya kaskazini kwa miguu, muda si mrefu utafika daraja la Ikkokubashi. Mandhari hakuna. Barabara ya magari imejengwa juu kwa juu, imeufunika mto wote, na wapita njia ni watu wa maofisini wanaowahi chakula cha mchana. Lakini pembeni mwa daraja limesimama jiwe la mstatili, kimo chake hakimzidi mtu mzima, lenye tarehe ya mwaka 1857. Mbele limechongwa maneno ya kuwaelekeza wenye watoto waliopotea. Ubavu wa kulia umeandikwa "Wanaoarifu", na wa kushoto "Wanaotafuta". Juu ya maandishi ya kila ubavu pamechongwa kibonde cha pembe nne, na humo ndimo karatasi zilimobandikwa.

Aliyepotelewa na mwana aliandika sifa zake: mvulana, umri wake, rangi ya kimono, kovu liko wapi. Akaibandika karatasi kushoto. Mpita njia aliyemwona, au aliyekwisha kumhifadhi, akaandika yake na kuibandika kulia. Hawakulazimika kukutana wala kufika pale wakati mmoja. Nimesomesha historia shule ya sekondari Tanga mpaka nikastaafu, nimechora piramidi na ngome ubaoni nisiweze kuzihesabu, na mawe yote yale yaliwekwa na wakubwa kwa ajili ya kusifiwa. Hili liliwekwa na watu wa mtaa.

Mji ulikuwa ukiitwa Edo wakati huo, makao ya shogun, mtawala wa kijeshi, nao ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Jirani na jiwe kuna daraja la Nihonbashi, mahali zilipoanzia kupimwa njia kuu tano za nchi. Ukingoni palikuwa na soko la samaki lililodumu hapo mpaka tetemeko la 1923. Duka la vitambaa la Echigoya, lililofunguliwa Edo mwaka 1673, lilijulikana kwa kuuza taslimu kwa bei isiyo na mapatano, jambo geni siku hizo. Watu wa mikoani walikuja kushangaa vitu hivi kama sisi tunavyokwenda kushangaa leo. Walikuwa hata na vitabu vya kuwaongoza: Edo Meisho Zue, kilichotoka kwa mafungu mwaka 1834 na 1836, kazi ya vizazi vitatu vya ukoo mmoja wa Saitō, kimejaa michoro ya madaraja na mahekalu. Tazama michoro ile uone jinsi watu walivyosongamana. Mwaka 1807, siku ya sherehe ya hekalu la Fukagawa, daraja la Eitai lilikatika kwa uzito wa umati, wakafa mamia. Katika mji wa namna hiyo mkono wa mtoto ukikuponyoka, umekuponyoka kweli.

Sasa nani alibeba mzigo? Sheria iliutaka mtaa alikoonekana mtoto umhifadhi na kumtunza hadi wenyewe wapatikane. Kwa Mtanzania wa umri wangu hili halina ugeni. Edo ilikuwa na vikundi vya nyumba tano tano vilivyowajibika kwa pamoja mbele ya serikali, na juu yao wakuu wa mitaa. Aliyekulia chini ya mjumbe wa nyumba kumi ataelewa mara moja jinsi jambo la jirani linavyogeuka kuwa jambo lako upende usipende. Mtoto anakula, anavaa, anaugua. Mtaa wenye daraja lenye watu wengi hupata watoto wa namna hiyo mara kwa mara, na gharama ni ya wenyeji. Ndiyo maana wenye uwezo wa eneo lile walijipanga wakalisimamisha jiwe. Kuna wanaolieleza kuwa ni alama ya huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini naamini daftari la matumizi nalo lilisema neno katika kikao kile, na hilo halinipunguzii heshima yangu kwao. Wema unaolipiwa na mtaa mzima hudumu kuliko wema wa mtu mmoja mwenye moyo laini.

Jiwe linadai jambo jingine pia, kwamba muuza samaki anajua kusoma. Na wengi walijua. Watoto wa wafanyabiashara na mafundi walipelekwa kwenye vijishule vilivyoitwa terakoya, wakajifunza herufi na kuhesabu kwa abakasi.

Kabla ya mawe ya namna hii, na hata yalipokuwepo, mtoto alitafutwa kwa kelele. Jioni majirani walishika taa za karatasi, wakatembea wakipiga ngoma na upatu wa shaba huku wakiliita jina lake. Upatu ulikuwa na kazi mbili, maana wengi waliamini mtoto aliyetoweka ghafla amefichwa na miungu, au amenyakuliwa na tengu, jini la milimani lenye pua ndefu. Mshindo ulikuwa wa kumshtua jini amwachie. Siwacheki. Mama ambaye mwanawe haonekani na magharibi inaingia hachagui kati ya jini na barabara. Atapiga chochote kinachopigika.

Wenye kuona mbali walimvalisha mtoto kibati, maigofuda, kilichofungwa kwenye mshipi wa kimono. Cha maskini kilikuwa cha mbao. Cha mwenye nacho kilikuwa cha shaba kilichochongwa na fundi hodari. Upande mmoja alichorwa mnyama wa mwaka aliozaliwa mtoto, katika ule mzunguko wa wanyama 12, na upande wa pili jina na mtaa wake. Leo vinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na mafundi wachache bado wanavitengeneza.

Mwanangu ananunua magari ya mtumba Yokohama, na ndiye aliyetuita, mimi, mkwe wangu na wajukuu. Tulipokwenda Asakusa tulipita Nakamise, uchochoro wa vibanda unaoelekea hekalu la Sensōji. Mjukuu wa kiume, ambaye mimi humwita mume wangu, alikataa kushikwa mkono kwa kuwa yeye mwanamume. Watu wakitusukuma mbele na nyuma, nikaona kichwa chake kinazama katika makoti. Alikuwa hatua chache tu, amesimama kutazama vijibiskuti vikiokwa, lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kurudi Tanga kumweleza babu yake. Siku ile ile nikamtaka mwanangu atupeleke kwa fundi wa vibati.

Fundi akauliza mwaka wa kuzaliwa. Elfu mbili na kumi na tisa. Akatikisa kichwa kwa furaha, akafungua kitabu cha michoro: mwaka wa nguruwe mwitu. Nikamwambia mwanangu, "Baba, mfasirie mzee huyu kwa adabu kwamba mnyama huyo atusamehe, atuchoree samaki." Mzee alicheka, akachora changu mzuri kabisa.

Ugumu ulikuja upande wa pili. Mtoto wa Edo alikuwa na mtaa, mgeni hana. Ukiandika Tanga, barabara ya ngapi, polisi wa Tokyo atakufaa nini? Tukakubaliana: namba ya simu ya baba yake pamoja na ile ya kuanzia nchi za nje, na karatasi ya jina la hoteli kwa Kijapani, iliyokunjwa mfukoni na kubadilishwa tukihama hoteli. Jina la mtoto hatukuliandika. Mkwe wangu alikuwa na hoja: mtu mbaya akishalisoma jina, anamwita mtoto kama anayemjua. Wazee wa Edo inaelekea hofu hiyo haikuwazidi, au waliitegemea mitaa yao kuliko sisi tunavyoitegemea yetu.

Ndani ya uwanja wa Sensōji nako kuna jiwe la watoto. La kwanza liliwekwa mwaka 1860 na mtu wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba uliokuwa jirani, aliyeitwa Matsudaya Kahei. Lilibomolewa na mabomu ya 1945, na linaloonekana sasa lilisimamishwa 1957. Hekalu la Yushima Tenjin lina lake la mwaka 1850. Zamani yalikuwa mengi, kwenye madaraja na viwanja vya mahekalu. Lile la Ikkokubashi liliponea tetemeko la 1923 na vita pia.

Kilichoyaondolea mawe haya kazi ni polisi. Kuanzia 1874 Tokyo iliweka askari kwenye vibanda vya mitaani, kōban, na mtoto anayelia akawa anapelekwa huko. Kila Mjapani anajua wimbo wa watoto wa mwaka 1960, unaomhusu askari mbwa na paka mdogo aliyepotea. Askari anauliza kwao na jina lake, paka analia tu, na askari wa watu hana la kufanya. Nilipofasiriwa nilijisemea kwamba yule paka alikosa kibati.

Halafu ikaja Osaka, maonesho ya dunia ya 1970. Kwa miezi sita walipita watu zaidi ya milioni 64. Watoto walivishwa beji za namba, na vituo vya waliopotea viliunganishwa kwa simu zenye picha, ili mzazi aliye upande mmoja wa uwanja amwone mwanawe aliye upande mwingine kabla miguu haijamfikisha. Ni jiwe lile lile, wanaoarifu huku na wanaotafuta kule, ila sasa linatumia umeme. Waandaaji waliandikisha watoto waliopotea zaidi ya 48,000. Watu wazima waliotafutwa na wenzao walizidi 127,000, na hao hakuna aliyewavisha beji. Mkwe wangu aliposikia hesabu hiyo alikata karatasi nyingine, akaandika jina la hoteli, akaja kuitia kwenye mkoba wangu bila kuniuliza.