Safari za Siku za Wapanda Pikipiki wa Uingereza

Katika mazungumzo haya twataka kueleza desturi moja ya Waingereza, yaani safari ya siku nzima ya chama cha wapanda pikipiki katika barabara za mashamba. Mtu awaonaye wakipita, mmoja nyuma ya mwenzake, hudhani kwamba wanashindana mbio. Sivyo. Katika safari zao za majaribio za zamani, aliyefika mapema mno alihesabiwa kuwa amekosa sawasawa na aliyechelewa, na chanzo cha jambo hilo ni sheria.

Sheria ya mwaka 1865 iliagiza kwamba gari la mashine lisipite mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mjini, na tena mtu alitangulie kwa miguu, akichukua bendera nyekundu. Mwaka 1896 sheria hiyo ililegezwa, na tarehe 14 Novemba wenye magari wakafurahia uhuru wao kwa kusafiri pamoja toka London hata Brighton. Ikafuata sheria ya mwaka 1903, iliyoruhusu maili 20 kwa saa. Na tangu tarehe 1 Januari 1904 kila chombo kilipaswa kuchukua namba yake.

Wakati huo vyama vilikuwa vimekwisha anza. Motor Cycling Club kiliundwa mwaka 1901, na Auto-Cycle Club mwaka 1903. Mengi ya mambo yao waliyarithi kwa vyama vya wapanda baiskeli, ambavyo vilikuwa na kapteni wa kuongoza safari, na vingine hata na mpiga tarumbeta.

Lakini wanavijiji hawakuwapenda. Barabara zilikuwa za kokoto zilizoshindiliwa, bila lami, na magurudumu ya mpira yaliinua vumbi jingi mno. Vumbi hilo liliangukia nguo zilizoanikwa, na mboga bustanini, na likaingia madirishani. Sisi tukaao kando ya barabara za namna hiyo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mpanda pikipiki mmoja alikuwa udhia. Arobaini wakifuatana walikuwa balaa. Farasi walishtuka, kuku walikanyagwa, na polisi walijificha nyuma ya nyua za miti, saa mkononi, kuwanasa waliopita mwendo wa sheria. Kwa maoni yetu, wanavijiji hao walikuwa na haki ya kunung'unika, maana barabara ilikuwa yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Basi vyama viliona hatari iliyokuwa mbele: wakiendesha ovyo, Bunge lingeweza kuwabana tena. Ndipo vikaifanya heshima ya mpanda pikipiki kuwa ni kushika saa. Kila mmoja alipewa saa yake ya kuondoka, na njiani palikuwa na vituo vya kuangalia saa yake ya kupita. Vingine vilikuwa vya siri, ili aliyekimbia kisha akapumzika chini ya mti agunduliwe. Toka mwaka 1904 Motor Cycling Club kilifanya safari ya London hata Edinburgh, maili karibu 400, ndani ya saa 24. Mashindano ya mbio yenyewe yalipelekwa kisiwa cha Man, ambako serikali ya kisiwa ilikubali kufunga barabara. Ya kwanza ya pikipiki yalifanyika huko mwaka 1905.

Wala kushika saa hakukuwa kazi rahisi. Pikipiki nyingi za siku zile hazikuwa na gia, na gurudumu la nyuma lilizungushwa kwa ukanda wa ngozi, uliotelezateleza mvua iliponyesha. Mlimani mwendeshaji alikanyaga pedali kama za baiskeli, ama alishuka akakimbia kando ya chombo chake. Misumari ya viatu vya farasi ilitoboa mipira. Usiku walitumia taa za karabai. Wanawake nao walikuwamo: Muriel Hind alijulikana sana katika safari za majaribio kabla ya mwaka 1914. Vita vilipoanza mwaka huo, wanachama wengi walijitolea kupeleka barua za jeshi huko Ufaransa, wengine kwa pikipiki zao wenyewe.

Mwaka 1930 Bunge lilifuta mpaka wa maili 20. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 waliuawa barabarani, karibu nusu yao wakiwa ni watu wa kwenda kwa miguu, na mwaka 1935 mpaka wa maili 30 ukawekwa mahali penye nyumba nyingi. Motor Cycling Club kingali hai. Kila Januari wanachama wake huelekea Exeter usiku, katika baridi kali, na vituoni hungojwa na watu wenye saa na karatasi.