Kamusi ya Lorimer: Ripoti za Siri za Waingereza juu ya Makabila ya Ghuba na Omani

Kamusi ya Lorimer ni jina la mkato la kitabu kikubwa cha siri, Gazetteer of the Persian Gulf, Oman and Central Arabia, kilichotungwa kwa amri ya serikali ya Kiingereza ya Uhindi mwanzoni mwa karne ya 20. Kina juzuu mbili zenye kurasa zipatazo 5,000. Juzuu ya pili, ya jiografia na takwimu, ilichapwa Calcutta mwaka 1908. Ya kwanza, ya historia, ilichelewa hadi 1915. Kilikuwa cha kusomwa na maofisa tu, na siri hiyo haikuondolewa mpaka 1955.

Aliyekitaka ni Lord Curzon, mtawala wa Uhindi kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Novemba 1903 alizuru Ghuba kwa meli, na mbele ya Sharjah akawaita masheikh wa pwani melini na kuwakumbusha mikataba waliyotia saini na Uingereza, ukiwemo wa 1892 uliowakataza kufanya mapatano na dola nyingine yoyote. Warusi, Wafaransa na Wajerumani walikuwa wanainyemelea Ghuba, na ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa kule hakuwa na kitabu cha kumweleza nani ni nani. Kazi akapewa John Gordon Lorimer, Mskoti wa utumishi wa serikali ya Uhindi aliyezaliwa 1870. Ilitarajiwa kumalizika katika miezi sita. Lorimer alifariki Bushire, Uajemi, Februari 1914, kwa ajali ya bastola yake mwenyewe, juzuu ya historia ikiwa bado haijatoka; Kapteni L. Birdwood ndiye aliyeikamilisha.

Habari zilitoka kwa watu wa aina mbalimbali. Bushire alikaa Percy Cox, mkuu wa maofisa wa kisiasa wa Ghuba, na chini yake walikuwapo maofisa wa Maskati, Bahraini na Kuwait. Katika pwani ya masheikh hakukuwa na ofisa Mzungu mkaazi. Macho na masikio ya Waingereza pale yalikuwa ya wakala wao wa Sharjah, Abd al-Latif bin Abd al-Rahman, mfanyabiashara aliyeshika kazi hiyo tangu 1890 hadi 1919. Jambo hili lisisahauliwe: sehemu kubwa ya kile kinachoitwa elimu ya Waingereza kuhusu Waarabu ilisemwa kwanza na Waarabu, Waajemi na Wahindi ambao majina yao hayamo kwenye jalada.

Ukifungua juzuu ya pili mahali popote, utakuta mpango uleule. Kijiji kinatajwa kwa jina, kisha bonde ambamo kimo na mwendo wake kutoka kijiji cha jirani. Zinafuata nyumba ngapi, za mawe au za makuti; kabila gani; Ibadhi, Suni au Shia; visima na maji yake, matamu au ya chumvi; halafu mitende, ngamia, punda, ng'ombe na mbuzi. Ni maswali ya mtu anayetaka kujua jeshi litakunywa wapi, mzigo utabebwa na nini, na sheikh yupi anaweza kuwatoa wanaume wangapi wenye bunduki. Hesabu nyingi ni za kukadiria. Wanawake hawaonekani, isipokuwa ndani ya jumla ya nafsi.

Penye mali, kitabu kinakwenda kwa kina. Nyongeza yake juu ya uzamiaji wa lulu haijapata mfano: inaeleza majahazi, manahodha, wazamiaji na wavuta kamba wao, na hasa madeni yaliyomfunga mzamiaji kwa nahodha wake msimu hadi msimu. Ilikadiria kwamba kazi hiyo ilikuwa na vyombo vipatavyo 4,500 na watu wapatao 74,000 katika Ghuba nzima. Biashara hiyo ilipokufa miaka ya 1930, maelezo haya yakabaki kuwa miongoni mwa kumbukumbu zake kamili kuliko zote.

Kwa upande wa Omani, Lorimer aliyagawa makabila katika pande mbili, Hinawi na Ghafiri, mgawanyo uliotokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 18. Msomaji wa Zanzibar, Pemba au Lindi atakutana humo na majina anayoyajua, kama Al-Harthy wa Sharqiya, ambao Barwani ni tawi lao. Historia ya Zanzibar nayo imo, kwa kuwa kifo cha Sayyid Said, aliyezitawala Maskati na Zanzibar pamoja, mwaka 1856 kiliwagombanisha wanawe, mpaka uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Uhindi, wa 1861 ulipoitenga Zanzibar na Maskati na kuitoza riali 40,000 kwa mwaka.

Lakini mgawanyo huo wa pande mbili ulikuwa na kasoro kubwa. Ulimfanya ofisa aamini kwamba Mhinawi na Mghafiri ni maadui wa kudumu. Mwaka 1913 Salim bin Rashid al-Kharusi alichaguliwa kuwa Imamu wa Waibadhi huko Tanuf, Omani, na waliomuunga mkono ni Himyar bin Nasir wa Bani Riyam, Mghafiri, pamoja na Isa bin Saleh al-Harthy, Mhinawi. Aliyewaunganisha ni mwanachuoni kipofu, Nur al-Din al-Salimi, kwa hoja ya dini. Januari 1915 jeshi la Imamu liliishambulia Maskati, na askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza ndio waliomwokoa Sultani wa huko. Kuhesabu ngamia hakukutosha kumjua mtu.

Athari ya kitabu ilizidi umri wa dola iliyokiandika. Katika mgogoro wa oasisi ya Buraimi wa miaka ya 1950, kati ya Saudia kwa upande mmoja na Abu Dhabi na Omani, zilizotetewa na Uingereza, kwa upande mwingine, kilikuwa miongoni mwa ushahidi: nani alimlipa nani zaka, na malisho yalikuwa ya kabila gani. Maandishi ya ofisa wa mwaka 1908 yakawa hoja ya kuchora mpaka, ingawa wachungaji walioandikwa walihama na mvua.

Tangu 2014 juzuu zote zinasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya Qatar. Anayetafuta humo kijiji cha babu zake aanze na juzuu ya pili, iliyopangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, kisha aisome sambamba na Tuhfat al-A'yan, historia ya Omani iliyoandikwa zama zilezile na al-Salimi huyohuyo.